HiAce iliyolalia kulia: kisa cha daladala iliyogeuzwa nyumba ya safari

Tatizo halikujionesha gereji. Lilijionesha Bereku, kwenye kona za kati ya Babati na Kondoa, jioni ya siku ya pili ya safari ya majaribio. Mzee, mwenye gari, alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni yake na daftari, Mama, mkewe, kwenye benchi nyuma yetu. Kona za kulia gari lilizipita bila neno. Kona za kushoto lilijilaza upande wa dereva, likakaa hapo kidogo kama mtu anayewaza, ndipo likanyanyuka. Ndani ya tangi maji yalikuwa yakigonga ukuta huku na huku. Kona ya tatu Mama akauliza, "Fundi, mbona linataka kutumwaga?"

Tulisimama penye uwanja tambarare nikatoa futi. Kutoka chini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la nyuma: kushoto sentimita 69, kulia 65. Gari tupu siku ya kwanza gerejini lilikuwa sawa pande zote, kwa macho. Kwa macho tu, maana futi sikulishika siku ile. Hilo niliweke wazi mapema: kisa hiki ni cha kosa langu, sio la Mzee.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha. Katika kazi hii nilikuwa pia msimamizi, yaani ndiye niliyewaita fundi bodi, makenika na seremala, na ndiye niliyechora mchoro. Gari lenyewe ni Toyota HiAce H200, bodi ndefu isiyo pana, paa la kawaida, injini ya dizeli ya 2KD, lita 2.5, yenye taba (turbo). Kwao Japani ilikuwa gari la mizigo. Huku kwetu ilifungwa viti, ikapigwa mstari, ikabeba abiria wa Usa River na mjini kwa miaka tisa. Mzee alikuwa mmiliki miaka yote hiyo, na aliijua kwa kuisikiliza kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe.

Alipostaafisha daladala hakutaka kuiuza. Walitaka nyumba ya safari yeye na Mama: walale wawili, wajukuu watatu wapate pa kukaa wakati gari linatembea, wapike, mboga ikae siku tatu bila kuoza. Walitaka kwenda Lushoto, Kondoa, na Mbeya aliko binti yao. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo Mama aliisema kwa sauti ya chini: misiba na harusi. "Ukienda msibani na malazi yako," alisema, "wenyeji wanapumua." Nimesikia sababu nyingi za watu kugeuza gari kuwa nyumba, lakini hiyo ndiyo yenye akili kuliko zote.

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa kuvua. Daladala ukiivua inakusimulia. Viti havikuwa vya kiwandani, kwa hiyo kila mguu wa kiti ulikuwa na tundu lake sakafuni, na matundu mengine yalitobolewa, yakaonekana yamekosea, yakatobolewa tena sentimita mbili pembeni. Chini ya kapeti kulikuwa na sarafu, vipande vya tiketi, na tope lililokauka la masika mengi. Kutu haikuenea ovyo, ilifuata watu. Pale mlangoni, alipokuwa anasimama konda na ambapo kila abiria alikanyaga na kiatu chenye maji, bati lilikuwa limeliwa hadi bisibisi ikapenya bila kusukumwa. Upande wa pili, nyuma ya dereva, ambako hakuna mlango, sakafu ilikuwa karibu mpya.

Hapo ndipo mtego ulipokaa. Upande mmoja bati zima, safi, ukuta mrefu usio na mlango. Upande mwingine mlango na kutu. Nikachora kila kitu kizito upande uliokuwa mzima.

Fundi bodi alikata bati bovu, akachomelea jipya, akaziba matundu ya viti moja moja, akapaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini. Mzee alilalamika juu ya muda. Alikuwa anataka kuona kitanda. Kila mteja anataka kuona kitanda, na fundi mwenye njaa humwonesha kitanda siku ya tatu, juu ya matundu.

Nilitoa pia waya. Chini ya kapeti na juu ya paa kulikuwa na waya za redio, spika, taa za rangi na kengele ya konda, kizazi juu ya kizazi, nyingine zikiwa hazina mwisho. Zote zilianzia kwenye betri bila fyuzi. Gari hilo kutoungua miaka tisa ni rehema.

Kabla ya ubao wowote kuingia nilimwomba makenika afungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mzee alishangaa, kwa kuwa injini ilikuwa inawaka vizuri na haitoi moshi wa kutisha. Lakini injini hizi za KD zina ugonjwa wake. Washa, yaani vile vipete vidogo vya shaba chini ya nozeli zinazopuliza dizeli, zikichoka, gesi ya moto inapenya na kuingia kwenye oili, oili inapikwa na kuwa masizi, masizi yanashuka na kuziba chujio la pampu kule chini. Injini inaendelea kuunguruma vizuri hadi siku inapokosa oili, na siku hiyo hakuna onyo la maana. Tulikuta chujio limeshazibwa karibu nusu. Makenika akalisafisha, akabadili washa zote nne, akarudisha sampu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya godoro. Kama tungelifanya hilo baada ya kujenga, tungelazimika kung'oa sehemu ya kabati la nyuma ya dereva ili kufikia injini, maana kwenye HiAce unaiingilia kutoka ndani, chini ya viti vya mbele.

Yakaja mabishano ya paa. Ndani ya bodi hii una urefu wa karibu mita 3 kutoka nyuma ya viti vya mbele, upana mita 1.5, na kimo mita 1.3 na ushee. Huwezi kusimama. Mzee alikuwa ameona mahali paa linalokatwa na kuinuka kama mwavuli, akalitaka. Nilikataa. Zile mbavu za paa hazikuwekwa kwa urembo, ndizo zinazoshika bodi isijikunje gari likipinduka, na sisi hatuna kipimo cha kujua tumepunguza nguvu kiasi gani. Badala yake jiko tuliliweka nyuma kabisa, likitazama nje. Mlango wa nyuma wa HiAce ni mzima na unafunguka kwenda juu, ukawa kibaraza. Mpishi anasimama chini, wima, chini ya kivuli, na mvuke wa mchuzi hauingii kwenye shuka.

Kitanda kilinitesa kwa hesabu ndogo. Nilitaka nafasi ya sentimita 35 chini yake kwa mizigo, juu godoro la 10. Ukitoa 45 kwenye 132, zinabaki 87. Mtu mzima akiketi, kutoka makalio hadi utosi ni karibu hizo hizo. Mzee alipanda, akaketi, kofia ikagusa dari. Akaivua kofia, akaketi tena, kichwa kikagusa dari. Tulishusha fremu hadi 30, godoro tukachukua la sentimita 8 lakini gumu, tukapata 94. Mizigo ikapungua kidogo. Mzee akarudisha kofia yake.

Sasa ukuta wa kulia. Seremala alitengeneza kabati la mninga, kazi safi ya kujivunia, likianzia nyuma ya dereva hadi kwenye jiko. Ndani yake nikaweka betri mbili za asidi za Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri), inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, tangi la maji la lita 60, friji ndogo ya volti 12 na mtungi wa gesi wa kilo 6. Waya zikawa fupi, bomba likawa fupi, kushoto pakawa wazi na mlango ukapumua. Mtu yeyote aliyeingia alisema, "Aisee, pana nafasi!" Nilipenda kusifiwa.

Usiku wa kwanza wa safari tulilala Babati, karibu na ziwa. Kwa sababu ya mbu tulifunga vioo vyote, na asubuhi vilikuwa vimetoka jasho hadi maji yakachuruzika kwenye plaiwudi. Pumzi za watu wawili tu, kwani mimi nililala gesti. Hilo lilirekebishika kirahisi baadaye: neti yenye sumaku kwenye madirisha ya mbele, feni ndogo ya volti 12 nyuma, na ufa wa kupitisha hewa usiku kucha hata kukiwa na baridi. Kesho yake ndipo tulipofika Bereku.

Tulipomaliza kupima, Mzee alikataa katakata kwamba tatizo ni kabati. Hoja yake ilikuwa nzito na nitaiweka kama alivyoisema: "Fundi, gari hili limebeba watu kumi na nane na magunia ya soko la Kilombero, kila siku ya Mungu. Leo uniambie kabati la seremala limelielemea?"

Sikuwa na jibu pale barabarani. Tukashuka polepole hadi Kolo tukalala. Asubuhi wao walipanda kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na HiAce wakaiacha chini, maana njia ya juu si ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma na lenye tumbo karibu na ardhi. Mimi nilibaki na gari na hoja ya Mzee.

Hesabu yake ya jumla ilikuwa sahihi. Hata tukisema watu 14 tu wa kilo 65, ni kilo 910, bila magunia. Sisi tulikuwa hatujafika hata nusu ya hapo. Lakini abiria ni mzigo wenye tabia njema. Anakaa kushoto na mwenzake kulia, wanajipanga wenyewe pande mbili za gari, na wakifika stendi wanashuka. Springi inapumzika. Usiku gari linalala tupu. Kabati halishuki. Limekaa upande mmoja usiku na mchana, gari likitembea na likiwa limeegeshwa, na kila shimo linaipiga springi ile ile.

Tuliporudi Arusha tulivua tena. Nilikopa mizani kwa mfanyabiashara wa mahindi jirani yetu, ya kuning'iniza, na kila kitu cha upande wa kulia tukakipima kama gunia. Kabati la mninga kilo 48. Betri mbili kilo 56. Maji, tangi likijaa, kilo 60. Friji na vilivyomo 27. Mtungi wa gesi 13. Inveta na nyaya zake 6. Jumla kilo 210, zote kuegemea ukuta mmoja, na dereva naye anakaa upande huo huo. Mzee alisimama kimya mbele ya mizani. "Watu watatu," akasema, "wamening'inia dirisha moja."

Halafu makenika akaosha chini kwa maji ya presha na kuniita. Springi za nyuma za HiAce ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikibanwa kwenye ekseli. Upande wa kulia bapa la tatu lilikuwa limekatika, na ufa wake ulikuwa na kutu ya zamani, si mng'ao wa chuma kipya. Lilikatika enzi za abiria. Gari tupu lilikaa sawa kwa sababu bapa zilizobaki zilitosha kulishikilia, na tope lilificha ufa. Siku ya kwanza mimi nililipima gari kwa kulisukuma na kuangalia linavyodunda, nikaridhika na shokapu. Sikulala chini na tochi. Nilikuwa nimeangalia sakafu alipokuwa anasimama konda, sikuangalia chuma kilichombeba.

Kwa hiyo mambo matatu yalikutana Bereku: springi iliyokatika, kilo 210 upande wake, na tangi lililobaki na nusu ya maji. Hilo la tatu watu hulidharau. Tangi likijaa maji hayana pa kwenda. Likiwa nusu yanakimbia. Ukikata kona yanachelewa kidogo, kisha yanafika ukutani wakati bodi nayo inalala, yanaisukuma zaidi.

Mzee alikuja na suluhisho lake: ongeza bapa upande wa kulia, gari linyooke, kazi iishe. Mafundi wengi wangekubali, na futi lingeonesha sentimita sawa. Lakini gari lingekuwa na mguu mgumu na mguu laini, na maji yakiisha lingelalia upande wa pili. Pia alitaka tuliinue na kuvisha matairi makubwa ya tope, kwa kuwa picha za magari ya namna hii huwa hivyo. Nikamwambia gari hili tayari linayumba. Tukiliinua tunaliongezea kimo cha kuyumbia. Tukabaki na saizi yake ya 195 R15, aina ya C, yaani ya kubeba mzigo, mapya manne.

Tulibadilisha springi zote mbili, kushoto na kulia, jozi moja. Kisha tukaanza kugawa.

Kabati la mninga lilitoka. Seremala alinuna, na ninamwelewa. Alilijenga upya kwa plaiwudi ya milimita 12, migongo ya milimita 6, na milango mingine ikawa pazia la turubai. Uzito ukawa kilo 21. Kabati la mninga sasa liko sebuleni kwa Mzee na linapendeza kuliko lilivyopendeza garini. Tangi la lita 60 tuliliacha, tukanunua tangi bapa la lita 40 lenye kuta za ndani zinazovunja mwendo wa maji, likalala katikati ya gari chini ya kitanda, juu ya ekseli. Mtungi wa gesi ulihamia nyuma kushoto, kwenye sanduku lake lenye matundu chini yanayotoka nje. Matundu yakae chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi, inatandaa sakafuni pale pale mlipolala. Na jiko la mkaa nilimwapisha Mama kwamba halitaingia ndani hata kwa kuota moto Lushoto. Moshi unaouona unakuamsha. Ule usioonekana hauamshi.

Betri ndiyo iliyobadili hesabu zaidi. Zile mbili za asidi zilikuwa na Ah 200 kwa jina, lakini betri ya asidi ukiinyonya zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo za kutumia zilikuwa 100. Betri moja ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, ya Ah 100, inakupa 80 hadi 90 bila kulalamika, na uzito wake ni kilo 13 badala ya 56. Bei yake iliumiza. Niligawana maumivu na Mzee, kwa kuwa mchoro wa kwanza ulikuwa wangu.

Je, inatosha? Friji kwenye joto hula kama Wh 450 (wati-saa) kwa siku. Feni ya wati 20 kwa saa nane, 160. Taa na simu, tuseme 90. Jumla 700. Betri ina Wh 1,280, na paneli ya wati 200 juu ya paa, siku ya jua la kawaida, inarudisha 700 hadi 800. Gari likitembea alteneta, jenereta ya injini, inachangia kupitia chaja ya katikati, yenye fyuzi kila upande. Kilichokosa nafasi ni jagi la umeme la Mama. Jagi la wati 2,000 kwenye volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160, yaani nyaya nene kama kidole na inveta ya bei ya friji, ili kuchemsha maji ambayo gesi inayachemsha kwa dakika chache. Mama alilileta mara mbili, akitumaini nimesahau. Mara ya pili alilificha ndani ya kikapu cha vitunguu.

Betri ikakaa kushoto, chini ya benchi la wajukuu, pamoja na jeki na sanduku la spana. Mizani ya mahindi ikasema: kulia 48, kushoto 47, maji katikati.

Makaratasi yalikuwa na safari yake. Gari lililosajiliwa kubeba abiria haligeuki la binafsi kwa kung'oa viti. Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilibidi ifungwe, TRA, watu wa mapato, wabadilishe taarifa za matumizi, rangi na idadi ya viti kwenye kadi, namba nyeupe za biashara zitoke na za njano zifungwe, na bima iandikwe upya kwa matumizi mapya. Tulifanya mambo hayo mwishoni, na hapo pia nilikosea mpangilio, kwani safari ya majaribio tulienda na namba nyeupe na mstari ubavuni. Trafiki wawili walitusimamisha kuuliza leseni ya njia. Ukimwonesha trafiki kitanda anacheka, kisha anakumbuka kazi yake.

Na abiria nao. Kutoka Makuyuni hadi Minjingu kila aliyekuwa kando ya barabara alinyoosha mkono. Mzee, miaka tisa ya mazoea, alikuwa anapunguza mwendo bila kujijua, na bibi mmoja mwenye kuku alifika hadi mlangoni, akachungulia, akaona shuka, akarudi nyuma hatua mbili akisema samahani kana kwamba ameingia chumbani kwa watu. Ambacho kilikuwa kweli.

Mwezi uliofuata tulirudia Bereku, kona zile zile, tangi nikiwa nimelijaza nusu kwa makusudi. Kushoto na kulia lilipita kwa namna moja. Kwenye uwanja ule ule nilipima: 69 kushoto, 68 na nusu kulia, Mzee akiwa ndani. Nikamwomba ashuke. Ikawa 69 na 69. Mama akauliza kama sasa pana nafasi ya jagi.

Walishaenda Mbeya na kurudi. Rangi ni mpya, mstari haupo, namba ni za njano. Mzee anasema karibu na Usa River bado wananyoosha mkono, maana wanautambua mlio.